Skrubu ya Tano

Nilikitangaza kabla dunia haijafungwa:
kitanda cha mtoto, mbao nyeupe, upande wa kushoto alama za meno ya Tijl
(ambaye sasa ana ndevu za kwanza na ananuna stoo ikiguswa),
yuro ishirini, mwenye kukitaka akifuate Gent,
nyuma ya kiwanda cha uzi kilichokufa.
Wiki mbili hakuna aliyeuliza.
Kisha maduka yakashusha milango, simu ikaanza kuita.

Anaitwa Wannes. Mkewe amebakiza siku tisa.
Aliandika: "Duka la mvinyo liko wazi.
La mbolea ya maua liko wazi.
Mwanangu alale kwenye droo?"

Joris, mume wangu, alisoma akiwa amesimama.
"Mwambie asubiri."
Nani asubiri, Wannes au mtoto?
Hakucheka. Jumapili tulikwenda kumpungia mama yake,
yeye ndani ya kioo cha makao ya wazee, sisi kwenye nyasi zenye umande,
na Mama Irma akadhani tumeajiriwa kusafisha madirisha.

"Leo kitanda," Joris akasema, "kesho kila mwenye kochi
atakuwa na sababu ya kochi lake."
Kweli, sababu nilikuwa nimeziona.
Hedwig wa nambari kumi na nne anauza viatu vya kutelezea barafu, mwezi wa Aprili.
Bwana mmoja anauza fumbo la vipande elfu, "kimepotea kimoja tu".
Na mimi, acha nikiri, wiki ya kwanza
nilivuka mji mzima kufuata taa ya mezani
ambayo sikuihitaji. Nilihitaji mlango wa mtu.
Nilihitaji mtu asiye wa nyumbani aniambie, haya, kwaheri.

Sheria ilisema: cha lazima.
Nikaligeuzageuza neno lile kama shati la mtumba,
nikitafuta mshono.
Mwandika sheria hawezi kuhesabu siku za kila tumbo.
Kirusi nacho hakiulizi umebeba nini.

Tukapatana: kitanda ukutani nje, saa kumi na mbili asubuhi,
sarafu ndani ya chupa ya jemu yenye siki,
yeye asibishe hodi, mimi nisifungue.

Akaja na baiskeli ya mizigo, barakoa ya kitambaa cha pazia.
Mimi dirishani. Akahesabu skrubu.
Nne.
Akainua macho.
Ya tano ilikuwa mfukoni mwangu. Niliitia humo isipotee.

Nikafungua. Nikairusha.
Ikagonga ukingo wa njia, ikazama katikati ya mawe,
na sote wawili tukainama,
mita moja na nusu ikawa shubiri,
tukichokora kwa kucha,
nikisikia pumzi yake nyuma ya maua ya pazia.
Dakika moja, nasema mimi.
Joris anasema tatu. Alikuwa akitazama.

Usiku ule alihamia stoo, akatandika godoro
pale kitanda kilipoacha mraba safi juu ya zulia.
Hakunigombeza. Alinihesabia:
siku kumi na nne, kalamu nyekundu, kalenda ya benki,
na kila asubuhi swali kutoka nyuma ya mlango,
kahawa unaisikia harufu yake?

Ukiniuliza kama biashara zile zingeachwa au zingepigwa marufuku,
sina jibu ninaloweza kulisimamisha mbele ya kioo cha Mama Irma.
La kumpa mtoto wa droo pia sina.
Sarafu bado zimo chupani. Zimeota ukijani.

Siku ya kumi na moja simu ikawaka.
Hakuna picha. Hakuna jina la mtoto.
"Skrubu imeingia. Kinatikisika kidogo tu."
Nikamsomea Joris, mdomo kwenye tundu la ufunguo.
Kimya.
Kisha: "Kidogo kiasi gani?"