Kibao cha Mashoto

Vibao viko kibao, ananiambia Chilewa,
akifuta vumbi la boksi kwa kiwiko cha shati.
Duka lake ni uchochoro nyuma ya soko la Majengo;
upepo wa Agosti huingia bila hodi
ukakalia kila kinachouzwa.

Nataka kibao cha kuchorea.
Si kile cha kukunia nazi, na kile cha shavuni
nimeshapewa vya kunitosha.
Nataka kile ambacho kalamu yake haina wino.

Miaka minne nachora kwa kipanya.
Jaribu kuandika jina lako kwa kipande cha sabuni
kinachoteleza ndani ya beseni: ndivyo nilivyochora
nembo ya akina mama wa zabibu wa Mpunguzi,
zabibu zote zikatoka na pembe.
Sasa kifundo cha mkono kinauma hata nikishika mwiko.

Anavyo vitatu.
Cha kwanza kina kioo, unachora palepale unapotazama.
Laki tisa. Nikakigusa kwa kidole kimoja,
kama mtu anayemgusa mtoto wa wenye nacho.
Cha pili ni kipana kama sinia la msibani,
na meza yangu kule Nkuhungu ni nusu meza,
nusu ya pili ni ya jiko la gesi.
Cha tatu kidogo, cheusi, hakina kioo wala maringo,
waya umefungwa kwa mpira wa kufungia noti.
Laki moja na themanini.

"Kalamu hii inasikia uzito kwa ngazi elfu nane."
Elfu nane! Nimewahi kumjua binadamu
aliyekuwa na ngazi mbili tu: kununa na kupiga.

"Ila nikwambie ukweli," anasema,
"mkono unakuwa huku, jicho liko kule.
Wengi wanakirudisha kabla ya wiki."

Nikamwona mama, Hombolo, akibangua karanga,
macho yako kwenye taarifa ya habari, vidole viko kwenye ungo.
Hajawahi kutupa punje akabakiza ganda.
Nikasema, nifungie hicho.

Umeme ulirudi saa tano usiku.
Nikachomeka waya, na kabla ya jambo lolote
mashine ikaniuliza:
Unatumia mkono upi?

Nikakaa kwanza.
Mwalimu Malogo hakuniuliza. Alikuwa na rula ya mninga,
na kwake kushoto ilikuwa tabia, si mkono.
Darasa la pili nikajifunza kuandika kwa kulia,
kama mtu anayetembelea viatu vya jirani.
Kuchora nilichora kwa shoto, chini ya dawati.

Nikachagua: Kushoto.
Nikakigeuza kibao juu chini, kama nilivyoelekezwa,
vitufe vikahamia ng'ambo.
Basi. Hakuna aliyenyanyua kitu.

Kazi ya kwanza ni picha ya pasipoti ya marehemu Ndahani.
Dada yake, Sechelela, hana nyingine.
Muhuri wa ofisi umempiga shavuni, zambarau,
tarehe imelalia kope.
Anataka utoke kabla ya arobaini.

Saa nzima ya mwanzo mstari uliotumwa Kongwa ulikwenda Bahi.
Halafu ukawa unafika njia panda na kusita.
Kwenye saa nane hivi nikasahau kuutazama mkono.
Nikakandamiza kidogo tu,
labda ngazi ya kumi na moja katika zile elfu nane,
na chini ya wino wa serikali shavu likaanza kurudi,
na katika shavu, kishimo,
kama cha mtu anayezuia kicheko mbele ya mpiga picha.

Sijui kama kilikuwepo.
Sijui kama ni cha Ndahani, au ni mkono wangu,
uliofungiwa miaka yote ile chini ya dawati,
umeanza kusema visivyoulizwa.

Nimekiacha. Kukikucha nitamuuliza Sechelela.
Kwanza nifute kibao; tayari kina vumbi.