Haikuota

Saa nane usiku mashine ililia,
chupa ya pili, safu ya chini.
Nikaacha chai, nikavaa glavu zilizobaki,
saizi kubwa, vidole vikining'inia kama vya mtu mwingine.

Lebo: Lugeye Nshoma, miaka arobaini na saba, kitanda 11.
Tumbo limeshonwa mara mbili. Homa siku ya kumi na tatu.
Mpira wa dripu shingoni tangu wiki aliyovuka kutoka Ukerewe.
Ndiyo yote niliyoyajua. Uso wake siujui.

Tone kwenye kioo, moto kidogo, rangi, maji, rangi tena.
Nikainamia darubini,
na pale, katikati ya uwanda wa waridi,
mayai ya zambarau,
kila moja limebeba kichanga mgongoni.

Niliyajua kabla sijaenda chuo.
Mama aliuza maandazi Igogo.
Alfajiri beseni limefunikwa kanga
na mimi nanyanyua pindo, nione unga unavyopumua.
"Funika! Hamira inafanya kazi gizani."
Mama, na hii ilifanya kazi gizani.
Ila damu ikiumuka, hakuna anayekuja na sahani.

Nikampigia daktari wa zamu.
"Labda uchafu wa ngozi," akasema, sauti bado imelala. "Rudieni asubuhi."
Bakteria wa ngozi hudandia sindano, nakubali.
Chachu haidandii.
Nikaandika jina lake na dakika: saa nane na ishirini na mbili.

Kuna kipimo kidogo, cha kimaskini, nakipenda:
chachu ndani ya maji ya damu, joto la mwili,
saa mbili na nusu.
Ile ya kawaida, tunayoijua hadi jina la ubatizo,
huota mkia mwembamba, kama choroko kwenye pamba.
Nikasubiri. Nikasinzia juu ya daftari,
nikaota mawe ya ziwani, jiwe juu ya jiwe,
kila jiwe likichipua jiwe dogo begani,
mji mzima ukizaana kimya kimya hadi Kirumba.

Nikashtuka. Saa kumi na nusu, saa ya maandazi.
Niliota mimi.
Yenyewe haikuota.

Daktari Mbuke alishuka kwa ngazi, lifti ilikuwa imekufa.
Akatazama amesimama, stethoskopu ikigonga meza.
"Jina?"
"Sina. Najua tu isichokuwa."
Akanyamaza kidogo.
"Isichokuwa inatosha kuanzia."
Akapanda tena, akang'oa ule mpira wa shingoni,
akaacha vidonge vya bei nafuu, akaagiza ile dawa ya njano
ambayo wagonjwa wanaiita Mtetemeko,
kwa sababu blanketi tatu haziwatoshi.

Siku ya pili sahani ya rangi ikatoa waridi iliyofifia
mahali nilipozoea kijani.
Jedwali letu ukutani lina majina kumi na moja.
Nililisoma kutoka juu, kisha kutoka chini.
Nikafunga kichupa kwa gundi, boksi ndani ya boksi,
kikaenda Dar.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Huyu alikaa ndani ya mtu nusu mwezi,
anakula, hasemi kwao ni wapi.

Jibu lilirudi baada ya siku kumi na tisa:
maneno mawili marefu, la pili lina harufu ya profesa marehemu.
Nikapanda nalo wodini, mara yangu ya kwanza.
Kitanda 11 alikuwa kijana mwenye mguu wa plasta.
"Yule wa Ukerewe?" nesi akasema. "Katoka Alhamisi.
Alikuwa anagombana na mkewe kuhusu nauli ya kivuko."

Nikarudi chini.
Kwa kalamu ya wino, chini ya jedwali, namba kumi na mbili:
jina, tarehe, na pembeni, *haikuota*.
Halafu nikachora mstari mwingine chini yake,
nikauacha mtupu.