Karani wa Mizani

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya mizani hii,
uwanja wa farasi wa Las Piedras, chumba cha rangi ya maziwa yaliyochacha,
na kazi yangu ni kusoma sindano, basi.
Sisemi mtu mnene, sisemi mtu mwembamba.
Nasema: hamsini na mbili. Nasema: pita.

Wilmar Etchegoyen alikuja na tandiko kwapani,
kwapa la pili chupa ya maji ya moto,
na kibuyu cha yerba, mrija ukimchungulia puani.
Tangu alfajiri hajaweka kitu tumboni ila hicho,
kichungu, hakina sukari,
kisha kahawa nyeusi kibandani kwa Zulma,
vikombe vinne, siku nyingine sita,
kisha vidonge vyeupe kutoka kwa mtu wa Montevideo:
kafeini tupu, bila adha ya kuchemsha maji.
"Inakula mafuta," alinieleza, akijifinya ubavu.
"Nikinywa, njaa inakaa kama mbwa aliyefokewa."

Kweli ilikaa.
Lakini mbwa aliyefokewa hajashiba.
Usiku, macho makavu yametazama dari,
aliisikia ikikwaruza mlango,
na saa nane Wilmar yuko jikoni, gizani,
anamaliza mkate mzima na jemu ya maziwa.
Asubuhi kilo mbili zimerudi.
Anazitoa tena: koti la nailoni, kukimbia,
kutema mate ndani ya kopo,
kibuyu, kikombe, kidonge.
Maji hutoka, maji hurudi.
Nimeyapima maji hayo miaka yote nikiyaita uzito.

Sikilaumu kikombe. Mimi mwenyewe hunywa vitatu,
na daktari wa uwanja, Bi. Irureta, ana miaka sabini na miwili
na kibuyu hakimbanduki mkononi.
Ndiye aliyesema: kahawa haimpi mtu nguvu, inamkopesha,
na mkopeshaji hajui kusahau.
Wilmar alicheka. Alikuwa na madeni mengine, ya kweli.

Jumapili ya Agosti, mbio za tano.
Alipanda. Sindano ikafika hamsini na mbili
haikusimama.
Na robo. Kasoro robo. Na robo.
Kama unyasi penye upepo, na dirisha limefungwa.
Nikagonga kioo. Nikapiga magoti nikakagua springi.
Kisha nikamtazama yeye,
mshipa wa shingo ukirukaruka kama panzi chini ya karatasi,
nikaelewa kwamba mizani ni nzima,
kwamba kinachotikisa chuma ni moyo.

"Soma," alisema. Midomo ilikuwa imepasuka.
"Soma, farasi wangu ananisubiri."

Nikasoma: hamsini na nne.
Nikaandika hivyo, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri,
mstari mmoja wa uongo katika madaftari kumi na manane.

Hakubisha. Alitazama sindano, akanitazama mimi,
akashuka kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu
na ngazi haipo.
Farasi alipandwa na kijana wa Tacuarembó.
Akashika nafasi ya pili.

Sasa Wilmar anauza rangi na misumari dukani kwa shemejiye.
Kilo sitini na tatu; nakisia tu, jicho langu halistaafu.
Hunywa kikombe kimoja cha asubuhi, na maziwa, na mkate.
Mkewe, Nidia, anasema siku hizi anakoroma,
anasema pia buti za mbio bado ziko chini ya kitanda,
zimepakwa dawa.
Mimi hanisalimii.

Wiki jana niliingia kununua misumari, nusu kilo.
Aliipima mwenyewe, taratibu,
akangoja sindano itulie.
Ilitulia penye nusu. Sote wawili tuliiona.
"Robo tatu," akasema.
Nikalipa robo tatu.