Igeuze Kwanza

Hatim ananionyesha kioo.
Akipangusa kwa kanzu, kinanirudishia uso wangu,
feni ya dukani, na barabara ya Makupa imepinda.
"Miaka ishirini na mitano, fundi. Imeandikwa."
Namwambia: igeuze kwanza.

Mbele pana kioo; kioo chajua kujitetea.
Ila nyuma, kule asikotazama mnunuzi,
pana ngozi nyembamba kama ya kitunguu.
Ndiyo inayolala na joto la mabati,
ndiyo inayolambwa na chumvi usiku kucha.

Mwaka juzi nilipanda paa la zahanati, Mtongwe.
Muuguzi Mbeyu alikuwa amenipigia alfajiri:
umande umeanguka, friji ya chanjo imenuna;
jua likipanda inaamka, kama kwamba haikukosa.
Nikapitisha kidole mgongoni mwa paneli,
kikatoka cheupe kama cha mwalimu wa hesabu.
Nyufa zilifuata nyaya, mstari kwa mstari.
Nikaikata. Gundi ya ndani imekuwa chai ya rangi,
na harufu yake, wallahi, siki.
Achari ya miaka minne.

Tangu hapo nina vipande vitatu
nimevipigilia sutuhini kwa Mama, Kuze, upande wa bahari:
cha nailoni, cha poliesta,
na kimoja chenye utando wa florini
ambacho bei yake ilinikohoza.
Mama huanika leso kando yake. Hajauliza kitu.
Juzi tu kasema,
"Hicho cha kati kimezeeka kunishinda."

Cha nailoni hakikumaliza mwaka.
Cha kati ni manjano; ukikikunja
kinalia kama karatasi ya halua.
Cha tatu nakikunja, kinakunjuka.
Nakikwaruza kwa ukucha, hakina la kusema.
Nami sisemi kitadumu:
miaka miwili si ishirini na mitano,
na ukucha wangu si maabara.

Hatim anapiga hesabu nyuma ya risiti.
Tofauti, anasema, ni paneli mbili nzima.
Najua. Daftari la kamati nimeliona:
hamsini, hamsini, mia,
mmoja kaandikiwa kuku.

Basi tutafunga nane badala ya kumi.
Taa ya uani ingoje.

Ananitazama. Kisha anaishika kwa mikono miwili,
anailaza kifudifudi juu ya kaunta.
Uso wangu umeondoka.
Navaa miwani, naanza kusoma.