Ilie Vipi

Ekzosi ya Honda ya baba ilianguka njia ya Hogoro,
kwenye lile korongo ambalo kila masika linahama.
Nikairudia kwa miguu. Ilikuwa bado ya moto,
nikaisubiri kama unavyomsubiri mtu amalize hasira.

Kutu. Miaka arobaini na mbili ya vumbi
na maji ya chumvi ya kisima cha Kongwa,
tuliyoioshea tukidhani tunaitunza.

Jumamosi nikaifunga kwenye kiroba cha mbolea,
nikaenda nayo Dodoma mjini, Majengo.

Zaituni wa duka la spea alinitolea tatu,
akazilaza kaunta juu ya gazeti kama samaki.
Ya kwanza ya Kichina, inang'aa hadi nikajiona meno;
nikaigonga kwa ukucha, ikajibu kama kopo.
Ya pili fupi, mdomo wazi, kibandiko chekundu.
"Hii ukipita nayo Nkuhungu, dada,
waliolala wataamka, waliokufa watageuka."
Nikamwambia huko ninakopita mimi
kuna ng'ombe wenye mimba.
Ya tatu halisi, bado imo ndani ya nailoni,
na bei yake
bei yake ningenunua ndama,
na ndama angelia vizuri zaidi.

Ndahani akapiga simu kutoka Morogoro:
chukua hiyo halisi, tutachanga.
Tutachanga ya Ndahani naijua.
Ina umri kuliko pikipiki.

Basi nikaishia Chang'ombe, kwa fundi Chilongani,
anayechomelea mageti ya watu na vitanda.
Kutu hakuitazama. Alichukua uzi wa katani,
akapima shingo ya bomba, akapima tumbo,
kama fundi cherehani mbele ya bi harusi mwoga.
"Nikilifanya jembamba, injini itakosa pumzi.
Nikilipanua, nguvu itatawanyika
kama uji uliomwagwa kwenye sinia.
Na kabureta itataka jeti nyingine, usije ukanilaumu."
Kisha, bila kuinua macho:
"Unataka ilie vipi?"

Nilikuwa na majibu yote isipokuwa hilo.

Mama anasema pu, pu, pu,
kama mtu anayetwanga uwele peke yake.
Ndahani anasema ilinguruma, lakini Ndahani alikuwa mdogo,
kila kitu kilimngurumia.
Mbijima jirani yetu anakumbuka kuisukuma tu.
Mimi nilikaa nyuma, nimemshika baba kiunoni,
shavu kwenye koti lake lenye harufu ya josho,
na ukiwa nyuma sauti huisikii,
unaipokea kwenye mifupa.
Nilichobaki nacho ni hiki:
kwenye shavu la mguu wa kulia
kovu la ukubwa wa haragwe,
la ekzosi hii hii, mwaka nilipokuwa darasa la pili.
Siku ile aliyelia ni mimi.
Yenyewe, baba aliizima.

Nikapandisha sketi kidogo, nikamwonyesha fundi.
Akaliangalia kovu kwa heshima,
kama mtu anayesoma risiti ya zamani.
"Basi," akasema, "nitaweka na kinga."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliifunga mwenyewe,
gasketi mpya, nati mbili, spana ya kumi.
Teke la kwanza, hapana. La pili, hapana. La tatu
mbuzi wakainua vichwa,
kuku akaacha alichokuwa anakidonoa.
Haikuwa pu, pu, pu. Haikunguruma.
Ilikuwa nzito kidogo, ya chini,
kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kusema jambo la fedha.

Mama alikuwa ndani anachambua choroko.
Zamani sauti ikifika tu kona ya ghala
sufuria ilikuwa tayari motoni.
Sasa akauliza kupitia dirishani:
"Nani huyo?"

Nikazima. Bomba likawa linapoa, tik, tik.
"Ni mimi," nikasema. "Bado inakohoa gia ya tatu."