Bei ya Sinakito

Bwana Vogt amekuja kutoka Hamburg na glavu nyeupe,
taa ndogo ya kubana kwenye kipaji cha uso,
na daftari la madaraja: safi, nzuri, ya kuvumilika, ya kutupwa.
Mama amempa kiti cha plastiki na juisi ya ukwaju.
Barranquilla, saa nane mchana; hata feni inahema.

Santuri za baba zimesimama kwenye kreti za bia
kama alivyoziacha siku alipoanguka bafuni.
Mgeni anazitoa moja moja, anazielekeza dirishani,
anakagua mikwaruzo kama daktari wa meno.
Ananusa majalada. Kweli, ananusa.
"Ukungu," anasema, na kukata asilimia thelathini.
Nyingine inamtoa jasho jipya: zilitoka nakala mia tatu tu,
kampuni ikafilisika, ghala likaungua,
na kila aliyevunja yake, popote duniani,
ameiongezea hii yetu bei.
Mama anauliza: kwa hiyo tuombe watu wavunje?
Bwana Vogt anadhani ni utani.

Kisha anafika kwenye ile isiyo na uso.

Lebo yake baba aliikwangua kwa wembe, mwaka sabini na nane,
usiku uleule alioinunua bandarini
kwa baharia aliyetaka baiskeli.
Akakwangua jina, mwimbaji, mji, kampuni,
mpaka karatasi ikawa vumbi jekundu kiganjani;
na zile namba ndogo zilizochongwa karibu na tundu
akazipiga tupa.
Maana ng'ambo ya barabara alikuwepo Gumersindo,
na spika zake ndefu kama milango ya kanisa,
na masikio ya popo.
Wimbo ukijulikana, umekwisha.
Watu walivuka daraja, walidandia malori ya mihogo
kuja kwetu Jumamosi, kwa sababu ulikuwa hapa tu.
Mtaa mzima wa Rebolo ukaubatiza kwa lile neno
analolirudia mwimbaji kama mtu anayejipekua mifuko:
sinakito, sinakito.
Wakasema ni jina la mwanamke. Wakasema ni kijiji.
Mwaka uliofuata wasichana watatu walipewa jina hilo;
mmoja ni dada yangu, mhasibu wa benki.

Mgeni anawasha taa, anazima.
"Ingekuwa na lebo, pengine milioni kumi na moja.
Hivi ilivyo, bei ya kifungua kinywa."
Mama hajibu. Anaichukua kwa kingo,
anaipeleka kwenye mashine, anashusha sindano.

Kwanza kukaanga, mafuta ya zamani.
Halafu gitaa.
Dakika ya tatu, ule mruko: ndipo mimi nilipoigonga meza,
nikiwa tumboni, mwezi wa nane, mama akicheza.

Bwana Vogt amevua glavu.
Milioni mbili, anasema. Huyu ni nani? Tatu.
Huyu ni nani? Nne.
Anatoa simu taratibu, ati ina kitu kinachotambua nyimbo,
anaisogeza kwenye spika,
na mama anaifunika kwa kiganja
upesi, kama anayeua nzi.
"Siri," anasema.
Namkumbusha kwamba Gumersindo alikufa miaka tisa iliyopita,
sisi wenyewe tulibeba shada la maua.
"Ana wajukuu," anasema mama.

Basi amenunua arobaini na moja, taslimu,
na ile imerudi juu ya kabati, nyuma ya pasi.
Anashuka ngazi na kreti mbili, shati limelowa,
anaimba kwa pua, wala hajui kama anaimba:
sinakito, sinakito.
Mama ameganda mlangoni. "Ameushika?"
Nasikiliza mpaka mlango wa teksi unafungwa.
"Amekosea pale mwisho."
"Afadhali," anasema,
na kuanza kuzihesabu noti upya.