Vituo vya Asubuhi

Kabla Kibo haijajifunika mawingu
Ndewingia keshavaa raba.
Twashuka toka Kiboriloni kwa miguu,
akitaja vituo vya reli aliyoitumikia:
Kahe, Lembeni, Same, Makanya...
Anakwama. Kila siku hapohapo.
"Hedaru," namtupia toka nyuma, nahema.

Daktari kasema tutembee, tulale mapema,
chumvi tuionee haya, tusikae bila watu.
Basi tunasalimia hadi mbuzi wa Mama Anaeli.
Usiku ni mnafu, kisha drafti ya vizibo;
nikimfunga, analaumu taa.

Leo nimekwama mimi.
Makanya, nikasema. Makanya, halafu...

Hakucheka.
Akainama, akanifunga kamba ya kiatu polepole,
kana kwamba treni itatungoja.
"Hedaru," akasema. "Twende, Aikande.
Mombo bado mbali."